Mwambie Nimelala

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefika. Leo siku ya nne, ila ndiyo kwanza nimepata nguvu ya kushika kalamu. Daftari hili nimepewa na Profesa, niandike maneno ya kwetu kadiri yatakavyonijia. Yamenijia haya. Ya kwake nitayatafutia karatasi nyingine.

Chumba: kitanda kimoja, meza moja, kiti kimoja, sufuria moja, kijiko kimoja. Aliyekipanga alijua kabisa nakuja peke yangu. Dirisha linaangalia ukuta. Ukuta nao unaniangalia mimi.

Kazini ni ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, ukishapita choo. Milango yote ina majina ya watu. Wangu umeandikwa MSAIDIZI. Nimesimama mbele yake nikacheka mwenyewe. Mimi, darasa la saba, mpishi wa hosteli — nina mlango chuo kikuu! Profesa alilala hosteli yetu wiki mbili mwaka juzi, akawa haondoki jikoni, ananisikiliza nikigombana na muuza mkaa. Akasema lugha yangu haijaharibiwa na vitabu. Nikadhani ananisifu.

Chiriku. Mwanangu wa kumzaa. Miaka mitano na miezi minane. Nimekuwa nikilala naye kitanda kimoja tangu azaliwe, mpaka Ijumaa iliyopita. Naandika hapa kwa sababu kwenye fomu ya kazi sikumwandika. Mchapaji wa duka la karibu na hosteli, aliyekuwa ananijazia, alifika kwenye swali la watoto akaniambia tuweke hakuna, hawa watu hawapendi mtu mwenye mizigo. Nikamwambia weka. Dada alipouliza nikamjibu, ni karatasi tu.

Ni karatasi tu.

Alhamisi, 5 Septemba

Kazi yenyewe. Wanafunzi wananijia wawili wawili, dakika ishirini, tunaongea. Wananiangalia mdomo, siyo macho. Kama madaktari wa meno. "Hujambo?" Sijambo. "Hujambo?" Sijambo. Leo sijambo mara thelathini na moja. Jioni nikajiuliza mwenyewe, nikaenda kuosha sufuria.

Profesa anaongea lugha yetu kama barua ya serikali. Nikisema jambo ambalo hajawahi kulisikia anafungua kamusi. Lisipokuwemo ananitazama mimi, siyo kamusi. Nilianza kumweleza mwanafunzi kwa nini tunasema vile, Profesa akanigusa bega taratibu. Kueleza ni kazi yake. Mimi ni sauti.

Haya. Hata redio ni sauti. Na redio haiulizwi ina mtoto.

Mmoja nimempenda. Babu mmoja aliyeendesha treni miaka arobaini, amestaafu, bintiye kamwambia ajifunze kitu asije akazeeka kwenye kiti. Nimempa jina Mstaafu. Sentensi yake huanza, husimama kila kituo, hupakia, hushusha, na mwisho hufika. Huyu angalau ananitazama usoni.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimepiga nyumbani. Chiriku kaongea mpaka simu ikapata moto! Jino limeng'oka. Kuku wa jirani kataga kwenye ndoo yetu. Mama Mkubwa kamnunulia soksi. Mama Mkubwa ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka tisa. Hakujaliwa mtoto. Chiriku amemlilia begani tangu mchanga, kwa hiyo sikumwachia mgeni. Najiambia hivyo.

Kila baada ya maneno mawili Chiriku ananiuliza, "Bado hujafika?" Anafikiri niko njiani. Kwake mtu akishafika anarudi. Akauliza kama narudi kesho.

Nikasema ndiyo, kesho.

Mdomo huu!

Jumatano, 25 Septemba

Baridi. Nimevaa nguo zangu zote kwa pamoja, natembea kama mzigo wa mitumba.

Nimepiga. Dada kasema Chiriku anacheza nje. Juzi pia alikuwa anacheza. Amehesabu kesho zangu, huyo. Hajui kuandika, ila kuhesabu anajua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeumizwa leo na mtu asiye na kosa.

Mkabala na mlango wangu kuna msaidizi mwingine, wa lugha nyingine, mama kama mimi. Tunaongea lugha ya hapa kwa kuungaunga, na yanayobaki kwa mikono. Leo kanikaribisha chai ofisini kwake. Ukutani michoro ya mtoto. Chini viatu vidogo vya mvua, vyekundu. Nikauliza vya nani. Vya binti yangu, ana miaka saba. Yuko wapi? Kanishika mkono mpaka dirishani. Uwanja wa shule, nyuma ya chuo chetu hiki hiki, watoto wanakimbizana. Akamnyooshea kidole. Yule pale.

Nikamuuliza alimletaje. Akashangaa. Kwenye fomu. Wanauliza watoto ili wajue vitanda vingapi. Yeye kapewa vyumba viwili.

Nikamwomba arudie. Akarudia kwa vidole: mtoto — kitanda. Mtoto — kitanda.

Chai sikuimaliza. Nimekaa nyuma ya mlango wangu wa MSAIDIZI nikitazama mikono yangu. Kumbe sikuzuiwa na mtu. Nimejipalia makaa mwenyewe, tena kwa kumlipa mchapaji anishikie koleo. Soksi za Chiriku ningekuwa nanunua mimi. Angekuwa anakimbia pale chini, mdomo haufungi, anawafundisha wazungumzaji wote wa hapa kunyamaza.

Jumatatu nitamwambia Profesa. Lazima.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikumwambia. Nilifika mpaka mlangoni pake. Nikakumbuka chini ya fomu niliweka sahihi kwamba yote ni kweli. Mtu akishaona umedanganya moja, hata jina lako atalitilia shaka. Wakinirudisha, nitarudi na nini? Hosteli imeshapata mpishi mwingine.

Akaniuliza nilitaka nini. Nikasema hita haiwaki.

Hita ikaletwa mchana ule ule. Mambo wanayoyajua wanayatengeneza haraka.

Jumapili, 20 Oktoba

Profesa anataka mazungumzo ya kweli. Vitabu vyake, anasema, vina watu wanaoulizana stesheni iko wapi. Anataka simu ya nyumbani, hivi hivi, bila kupambwa. Dada nilimwomba ruhusa, akacheka, akasema mradi wasimsikie akimsema mwenye nyumba.

Nikaingia kile chumba kidogo chenye sponji ukutani, nikawasha mashine, nikaweka simu kwenye spika. Tukaongea paa linalovuja. Tukaongea mwenye nyumba — akamsema sana! Halafu Dada akaita, "Chiriku! Njoo uongee na mama."

Kwa mbali, kutoka uani, nikasikia sauti yake.

"Mwambie nimelala."

Dada akaweka ndoo chini. Akaniambia, amelala.

Nikamwambia, haya, mwache alale.

Sote wawili tulijua. Tukaagana vizuri sana, kama wageni.

Nilidhani mashine haitaikamata sauti ya uani. Nikaiacha mezani kwa Profesa, nikaenda kulala na koti.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mashine imekamata kila kitu. Hata ndoo ikiwekwa chini.

Profesa aliicheza darasani leo. Kila kitu kimeandikwa kwenye karatasi, mstari kwa mstari, wanafunzi kumi na mmoja kila mmoja na nakala. Nimeshika maisha yangu mkononi, yamechapwa vizuri, yana namba pembeni. Mstari wa ishirini na tatu ni wa Chiriku.

Kaanza kuuliza maswali. Anayepiga simu ni nani? Wakaninyooshea kidole, wakacheka. Anayepokea? Dada. Na mtoto huyu? Wakainamia karatasi. Profesa akanigeukia: mtoto huyu ni wa nani?

Huo ndio ulikuwa mlango. Umefunguliwa kabisa, nilichotakiwa ni kuingia. Nikamwona na fomu yangu kichwani mwake. Nikasema:

"Wa dada yangu."

Profesa akafurahi! Akawaeleza kwamba ndiyo maana katika mstari wa ishirini na mbili anaambiwa aongee na mama, kwani kwetu mdogo wa mama naye ni mama, ni mama mdogo, hakuna shangazi hapo. Akachora ubaoni. Duara la juu, bibi. Chini yake maduara mawili: Dada — MAMA. Mimi — MAMA MDOGO. Kutoka kwa Dada mstari ukateremka mpaka kwa Chiriku. Kutoka kwangu hakuna kitu. Akaniuliza kama ndivyo.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo.

Desturi yetu nzuri, iliyomfanya yatima asikose mtu wa kumwita mama, nimeichukua kufunikia uongo.

Kisha wakagawanywa safu mbili. Safu ya dirishani: "Mwambie nimelala." Safu ya mlangoni: "Amelala." Wote: "Haya, mwache alale." Tena. Tena, na sauti ishuke mwishoni kama mwenyewe alivyoshusha. Mimi nikawa narekebisha. Ndiyo kazi yangu. Nimewafundisha watu kumi na mmoja namna mwanangu anavyonikataa, na sasa wanaisema bila kosa.

Kumi. Mstaafu hakuitikia. Walipotoka akabaki, akawasha injini yake, akaniambia, "Mwalimu. Wewe. Si sawa." Nikamwambia mafua.

Alhamisi, 7 Novemba

Dada kapiga yeye mwenyewe. Akipiga yeye najua kuna jambo.

Si ugonjwa. Shule. Mwezi wa kwanza Chiriku anaingia darasa la kwanza, kuandikisha mwisho tarehe ishirini na mbili mwezi huu. Wanataka jina la mama na namba yake. Dada kamweleza mwalimu mkuu kwamba mama yuko ng'ambo, kikazi. Mwalimu mkuu akajibu mzazi ni yule anayekuja akiitwa. Sasa Dada anauliza kama ajiandike yeye.

Akasema, "Mdogo wangu, ni karatasi tu."

Neno langu lile lile. Sijui kama alikusudia. Dada hana roho hiyo. Au anayo, na nimeistahili.

Nikamuuliza Chiriku anamwitaje siku hizi. Akasema, anafupisha, ni mtoto, Mama Mkubwa ni jina refu.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Na anayemwogesha kila siku je? Dada kalia miaka ishirini kwa kukosa. Nimemwekea mtoto mapajani, halafu nimkataze kumpenda? Nimemwambia anipe muda. Akasema muda upo mpaka tarehe ishirini na mbili.

Jumatatu, 18 Novemba

Profesa ameridhika na mimi. Anataka nibaki mwaka wa pili. Fomu mpya, irudi kwake Ijumaa, tarehe ishirini na mbili. Siku zimekubaliana bila kunishirikisha.

Ukurasa wa pili, swali la tisa: Watoto. Kisanduku chenyewe kidogo, hata punje ya mahindi haitoshi.

Nikiandika mmoja, nimejisema kwamba kwenye fomu ya kwanza nilidanganya, na ubaoni nilidanganya, mbele ya watu. Labda atanielewa. Labda atafungua kamusi. Nikiandika hakuna, mwaka mwingine. Chiriku akija kunikumbuka mimi, nitakuwa yule mama mdogo wa kwenye simu.

Nimejaza yote mengine. Mwandiko wangu mbaya lakini unasomeka.

Alhamisi, 21 Novemba

Jirani wa mkabala kaniona nimeshika fomu. Kanionyesha lile swali kwa kidole, akatabasamu, akaniuliza kwa mikono: huna? Nikainua mabega. Mabega nayo yamejifunza kusema uongo.

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika ngazini, mapumziko ya dakika kumi. Ndani Profesa kauchora tena ule ukoo, leo ni marudio. Fomu iko kando yangu, nimeibana kwa kiatu isiruke na upepo. Swali la tisa bado jeupe.

Nimempigia Dada kumwambia asijiandike. Asubiri. Nimeamua, au karibu nimeamua, nilitaka nilisikie likitoka kinywani kwanza. Simu imeita mpaka nikakata tamaa, halafu ikapokelewa. Siyo Dada.

Chiriku. Mwenyewe. Dada kaacha simu kwenye chaji, naye kaona inalia.

"Mama hayupo," kaniambia. "Ameenda shule na karatasi."

Nikamuuliza ameondoka saa ngapi. Hajui. Halafu — sijui nini kimemshika — akaanza. Kuongea! Jino jipya linakuja limepinda. Yule kuku kachinjwa, hakumla, alilia. Begi lake lina zipu mbili. Anajua kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, ila inalala chali. Hajaniuliza kama nimefika. Hajaniuliza kesho. Sikuthubutu kupumua, nikawa naitikia tu, ehe, ehe, kama wanafunzi wangu.

Mwisho nikamuuliza, unajua unaongea na nani?

Akasema ngoja, anaenda kuchungulia getini kama Mama amerudi. Nisikate.

Nasubiri. Simu iko magotini, spika wazi, nasikia ndala zake zinavuka ua, pa, pa, pa, zinaenda mbali. Kengele imelia. Kalamu nimeiweka juu ya swali la tisa, nikairudisha hapa.

Ndala zimesimama. Anaongea na mtu, sisikii nani.

Profesa amefungua mlango. Wote wamekaa, wananingoja. Ameitazama simu, ameitazama fomu, ananiuliza naongea na nani.