Tarumbeta Haili Mafuta

Singida Mjini
12 Juni 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu kwenu. Kifua chako kinaendeleaje? Yasinta hajambo?

Baba, mambo yamenyooka. Kampuni ya bia imeidhamini bendi yetu kiangazi chote. Muziki wa jazi na soul kila Jumamosi, uwanja wa wazi. Itigi tunapiga tarehe 24 Julai, hapo hapo stesheni. Ukae mbele unione na tarumbeta yako.

Mwanao,
Chediel

Itigi
27 Juni 1993

Mwanangu Chediel,

Marahaba. Tunaendelea, ila kifua kinabana asubuhi.

Nimewatangazia watu wote, hata mnadani. Jirani yetu Philipo bado anasema tarumbeta nilimpa asiyestahili, kwamba mwenye pumzi ni dada yako Yasinta. Nilimjibu chombo cha baba hakiendi kwa wakwe. Siku hiyo nitamkalisha benchi moja na mimi asikie mwenyewe.

Unipulizie wimbo wa mavuno, hata kipande. Pumzi yangu mimi imekwisha.

Baba yako,
Mazengo

Singida Mjini
2 Agosti 1993

Baba,

Shikamoo. Uliondoka kabla sijashuka jukwaani.

Tajiri wa bendi alifukuza wenzetu akaleta kanda. Anasema kanda hailewi wala haichelewi. Mimi na Sixbert wa gitaa tumebakizwa kwa ajili ya sura tu: tunashika vyombo, spika zinapiga. Nilitaka kukuandikia, lakini ulikuwa umeshatangaza.

Jenereta ilipozimika nilitaka kupuliza kweli. Tajiri alikuwa ananikazia macho. Nisamehe, Baba.

Mwanao,
Chediel

Itigi
10 Agosti 1993

Chediel,

Huku tupo.

Kanda ningekusamehe. Kila mtu ana tajiri wake. Lakini jenereta ilipozimika, na wewe ukazimika. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilimshika Philipo mkono nikamwambia subiri, sasa mwanangu atapuliza, tarumbeta haili mafuta. Tukasubiri. Ulisimama na mdomo kwenye tarumbeta, mashavu yamelegea. Jenereta ikawashwa, ukayajaza tena.

Philipo alinisindikiza mpaka nyumbani kama mfiwa.

Yasinta anakuja huko Alhamisi kuichukua tarumbeta. Mpe mkononi, usimpe maelezo. Nikifa atanipulizia yeye, na wewe usijisumbue kuja.

Baba yake Yasinta