Mistari Minne Isiyo ya Ramona

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Naanza daftari jipya. Naahidi kuandika yote, hata ya aibu. Hakuna atakayesoma.

Nimetoka kwa Bi Rukia saa saba. Kurasa nne leo. Kidole kina wino. Kazi ni ile ile ya kila Jumamosi: naweka kanda kwenye redio kaseti yake, mwanamke wa Kihispania anaimba, Bi Rukia anasikiliza huku amefumba macho. Kisha ananitajia kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, nami naandika. Macho yake hayasomi tena. Mwisho namsomea yote, naye anasahihisha.

Leo kaniambia, "Kalamu yako inakimbia, Nasra. Mimi sijamaliza kusema, wewe ushafika." Kweli. Anaisikia kalamu.

Mama amenikataza kupokea chochote kwake zaidi ya chai. Nimekunywa chai. Na kashata mbili.

Jumapili, 12 Oktoba

Habari zake, nisije nikazisahau.

Amezaliwa Unguja. Alikwenda Hispania akiwa na miaka kumi na tisa kusomea uuguzi. Hospitalini, wanawake wa kufua mashuka walikuwa wakiimba. Akahesabu kwa vidole. Mizani nane kila mstari, sawasawa na kipande cha shairi la kwao. Akaacha uuguzi. Baba yake hakumwandikia barua kwa miaka mitatu. Akasoma mashairi ya watu wa vijijini, akayafundisha chuo kikuu mpaka akastaafu. Likizo zake zote alipanda milimani na kinasa sauti, akikaa jikoni kwa vikongwe. Hakuolewa. Ameandika vitabu vitatu, vyote kwa Kihispania. Hapa ughaibuni, mtaani Al Rigga, hakuna anayejua. Mlinzi wa jengo anamwita yule bibi wa ghorofa ya tano.

Anakaa kwa mpwa wake, Ami Nassor. Hana mtu mwingine.

Kitabu cha nne ni hiki, cha Kiswahili. Anataka watu wa kwao wazisome nyimbo zile. Mchapishaji wa Dar es Salaam anakisubiri mwisho wa Novemba. Daktari amesema kumbukumbu yake inapungua, na haitarudi. Ndiyo maana tunakimbizana.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku mbaya.

Tumefika kanda ya Ramona, mwimbaji mmoja wa kule milimani. Katika wimbo wake dada mmoja anaoka mkate kila siku kwa ajili ya kaka yake aliyeondoka na jeshi. Miaka saba. Jioni moja mlango unagongwa. Dada anauliza, nani? Sauti inajibu, nipe kwanza mkate.

Kisha wimbo unakatika. Kiti kinasogezwa. Mtoto anacheka. Kanda inakoroma tu.

Ramona alisema amechoka, mengine ataimba kesho. Asubuhi basi la kuteremka mlimani lilikuwa linaondoka, na jingine ni baada ya siku tatu. Bi Rukia alikuwa na darasa la kufundisha. Ramona akafariki majira yale yale ya baridi. "Nilipanda basi," Bi Rukia kasema. Karudia mara tatu. Kisha akalia, na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Alipotulia akanieleza sheria yake ya miaka yote. Mwimbaji akinyamaza, nawe nyamaza. Usimpe neno, usimmalizie wimbo wake. Unaandika tu: hapa alinyamaza.

Nikaandika hivyo.

Jumatano, 22 Oktoba

Baada ya shule nilikwenda dukani kwa Baba, sokoni Al Ras. Nikakaa juu ya gunia la ndimu kavu nikimngoja afunge. Ami Nassor kampigia Baba simu, ati Bi Rukia hali chakula tangu Jumamosi, anazungumza habari za basi tu.

Nikatoa daftari la nyimbo. Nikaandika kwa penseli, chini ya pale aliponyamaza:

Akafungua mlango,
mkate ungali moto.
Ndugu yake kasimama,
kachoka kama mtoto.

Nilihesabu kwa vidole. Nane kila mstari. Nilifurahi sana. Niliona nitampa zawadi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeharibu.

Nilimsomea wimbo wote, na nilipofika pale sikusimama. Nikasoma na mistari yangu. Nilikusudia kumwambia papo hapo kwamba ni mchezo wangu. Lakini alishika mkono wa kiti. Akasema, "Ndivyo. Ndivyo hivyo hasa. Nilisahau kumbe aliimba."

Nikafungua ukurasa mwingine.

Akaomba chakula. Kala wali sahani nzima. Ami Nassor alinitazama kana kwamba mimi ndiye daktari aliyemponya.

Jumatatu, 27 Oktoba

Bi Rukia kampigia simu Mama kumshukuru kwa kunilea vizuri. Kamsomea mistari minne kwa kichwa. Mama kajifuta machozi na upindo wa mtandio. Ami Nassor keshawaandikia wa Dar kwamba wimbo wa Ramona umekamilika.

Najiona mwizi. Nimechukua mdomo wa marehemu nikasemea mimi.

Jumamosi, 1 Novemba

Leo alitaka niandike jina la Ramona chini ya mistari ile, kwa wino. Kalamu haikwenda. Akauliza mbona haisikii.

Nikamwambia. Yote. Gunia la ndimu, penseli, yote.

Halafu akahesabu kwa vidole, taratibu. "Nane zote," akasema. "Ndiyo maana sikushtuka." Kisha akasema, "Futa."

Nikafuta kwa ufutio. Alisikiliza mpaka mkono ukasimama. Akaniambia niende nyumbani. Hakukuwa na chai.

Nimelia kwenye lifti. Lakini kifua ni chepesi.

Jumamosi, 8 Novemba

Sikujua kama ataniruhusu kuingia. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba mwanangu, kama zamani. Nikadhani amenisamehe.

Hakunisamehe. Amesahau.

Nilisoma wimbo wa Ramona, nikasema hapa alinyamaza. Akanikatiza. "Umeruka, Nasra." Akaisema mistari yangu minne, macho yamefumba, bila kukosea hata silabi. Akasema Ramona aliiimba huku akigonga meza, na alikuwa na unga mkononi. Anauona ule unga. Haukuwepo.

Nikamwambia tena. Mara hii alikasirika. "Nani kakufundisha kuwasingizia wafu?" Nikamwaga machozi, naye pia, kila mtu kwa sababu yake.

Jikoni Ami Nassor kaniambia kwa upole, "Khalas, basi, Nasra. Mwache. Mistari minne itamdhuru nani?"

Ungamo langu limefutika, uongo wangu umebaki. Laiti ingekuwa kinyume.

Jumanne, 11 Novemba

Sijalala vizuri. Shuleni nimepata alama mbaya ya hesabu.

Nafikiri hivi. Kuna Bi Rukia wawili. Wa tarehe nane anafurahi na mistari ile. Wa tarehe mosi alisema futa. Yule wa tarehe mosi ndiye aliyeacha uuguzi, ndiye aliyekaa jikoni kwa watu miaka yote bila kumpa mwimbaji hata neno moja. Kitabu ni chake yeye.

Kwa hiyo nitamtii yeye. Lakini yule mwingine naye ana njaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo shule ni nusu siku. Nikapitia kwa Bi Rukia, nikapanga makasha ya kanda alipokuwa amesinzia. Kwenye kasha la Ramona mna kadi. Inatoka kwa Pilar, binti wa Ramona. Ndiye yule mtoto anayecheka kwenye kanda; huenda aliusikia wimbo mpaka mwisho. Aliandika mwaka juzi kumsalimia, na chini kaweka anwani ya barua pepe.

Nilimwonyesha Ami Nassor, ndiye aliyenigeuzia maneno ya kadi kwa simu yake. Aliishika kadi muda mrefu. Akasema hatatuma kitabu kabla ya tarehe thelathini.

Jumapili, 16 Novemba

Bi Rukia kalala kitini, dirisha liko wazi kidogo. Harufu ya nyama ya mkaa inapanda kutoka mkahawa wa chini. Nimekaa mkekani karibu na miguu yake. Daftari la nyimbo liko mapajani. Pale bado pameandikwa hapa alinyamaza.

Barua nimeandika kwa Kiswahili, simu ya Ami Nassor imeigeuza Kihispania. Ni fupi. Nimemwambia Bi Pilar mimi ni nani, kwamba Bi Rukia yu hai ila anasahau, na kwamba anamkumbuka mama yake kila siku. Mistari yangu sikuitaja, hata nusu. Usimpe mwimbaji neno.

Nimeibonyeza ikaenda saa tisa na dakika kumi. Mwisho wake unasema hivi:

Tafadhali nijibu siku ile ile utakayoisoma, maana kwetu siku zinapungua. Mama yako alipouimba wimbo wa mkate mpaka mwisho, nani alikuwa nyuma ya mlango?