Mabenchi ya Kanisa

Siongiroi, 9 Juni 1996

Mpendwa Wilkista,

Mimi bado napumua. Huku mvua ni kila alasiri, na sweta uliyonifumia inanifaa. Eucabeth wetu aliacha kukohoa?

Mabenchi ya kanisa nilimaliza yote. Siku ya kupatana bei nilitoa daftari ili tuandikiane, lakini Mzee Kimeli, mwenyekiti wao, akanishika mikono na kuomba. Akasema, "Fundi, Mungu ndiye shahidi wetu." Nikaona aibu, nikarudisha daftari mfukoni.

Mzee alizikwa Aprili. Jumapili iliyopita wenzake waliniita mbele, wakatangaza kwamba fundi amemtolea Bwana mabenchi yote bure. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaomba, na mimi, Wilkista, mbele ya kanisa zima, nikaitikia Amina.

Randa na misumeno yangu amechukua yule aliyenikopesha mbao. Sijui nitaanzia wapi. Usimwambie mama.

Ulipoondoka huku na mtoto, uliniahidi kwamba utanisubiri. Tafadhali chukua karatasi, uandike maneno hayo, uweke sahihi, kisha unitumie.

Mume wako,
Kepher