Mashavu ya Ishimwe

Gisenyi, 14 Februari 1999

Mama mpenzi,

Ninakusalimu wewe na mdogo wangu Umutoni, nikitumaini kwamba miguu yake haimuumi tena kwa baridi hii. Sisi huku ni wazima, isipokuwa jambo moja.

Tangu jana mashavu ya mdogo wetu Ishimwe ni mekundu yote mawili, na unajua alivyo mweupe. Yanaonekana kama yamepigwa makofi. Jirani yetu Nyirasafari alimwona uani, akamuuliza shangazi Cansilde mbele ya watu mtoto wa miaka mitano amemkosea nini. Shangazi alisema hajamgusa. Nyirasafari akasema mashavu hayajipigi yenyewe, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Sikuona, na umenifundisha nisiseme nisichokiona.

Ishimwe mwenyewe anacheza tu. Ile homa ndogo aliyokuwa nayo Jumapili iliyopita, tulipokuja kwenu akalala kitanda kimoja na Umutoni, imekwisha.

Shangazi anakutumia kikapu cha viazi vitamu na maharage. Callixte atakuvushia mpakani kwa chukudu lake la mbao, pamoja na barua hii.

Binti yako,
Gatesi


Goma, 15 Februari 1999

Gatesi mutoto wangu,

Salamu. Siye tuko, Mungu anatulinda. Umutoni leo amelala muchana wote, nazani ni baridi.

Mi nilimuachia shangazi yako watoto wawili juu ya masomo. Sikumuachia mashavu ya kupiga. Na we unasema hukuona. Mutu mwenye hakuona haandiki ukurasa muzima. Nimeelewa, unamuogopa.

Kikapu chake nakirudisha. Siku ya posho, Jumamosi tarehe 20, nakuja kumuchukua Ishimwe.

Ni mie mama yako


Gisenyi, 17 Februari 1999

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo, na Umutoni anaendeleaje? Leo ninauliza kwa sababu ninahitaji jibu.

Kikapu kilifika jana kitupu. Shangazi alikipindua, akatazama chini yake, kisha akakitundika. Katika maisha yake hajarudishiwa kikapu bila hata konzi ya chumvi ndani. Leo asubuhi alimbeba Ishimwe mgongoni mpaka Rugerero, kwa muuguzi Ildephonse, nami nikaomba ruhusa shuleni niende nao.

Ildephonse alimvua shati. Mikono na mapaja yamejaa alama nyekundu kama kitambaa cha lesi. Alisema hakuna kofi linalochora hivyo. Ni virusi vinavyoitwa parvovirus, na Wafaransa wanauita ugonjwa wa tano, kwa kuwa zamani waganga waliuhesabu wa tano katika magonjwa ya watoto yanayotoa vipele. Kwa Ishimwe si kitu, utaondoka wenyewe. Wekundu ukishatokea mtoto haambukizi tena. Anaambukiza kabla, siku za homa.

Nikamwambia kuhusu Jumapili na kitanda kimoja, na kwamba Umutoni ana ugonjwa wa damu wa seli mundu. Akaacha kuandika.

Mama, virusi hivi vinasimamisha uboho wa mifupa usitengeneze damu kwa wiki moja au zaidi. Mtu mwingine hajui hata kama umesimama. Lakini damu ya Umutoni haidumu siku nyingi, kwa hiyo itapungua haraka. Usiangalie macho yake, tumeyazoea kuwa ya manjano. Angalia ulimi na viganja. Vikiwa vyeupe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ataongezewa damu.

Nisamehe kwa barua yangu ya kwanza. Niliandika kweli, lakini niliandika haraka.

Binti yako,
Gatesi


Gisenyi, 19 Februari 1999

MAMA, ANGALIA ULIMI WA UMUTONI. CALLIXTE, TAFADHALI MSOMEE KWA SAUTI.

Mama mpenzi,

Nimeyaandika maneno hayo upande wa nje, mahali pa jina lako, ili usiweze kutoyaona.

Callixte amenieleza kwamba juzi uliichukua barua yangu ukaitia kwenye pindo la kitenge bila kuifungua, ukisema Cansilde ndiye ameniandikisha. Si yeye. Nilipomwambia shangazi, alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Aniite mpiga watoto mwaka mzima, sawa. Afungue barua tu."

Kesho alfajiri shangazi mwenyewe anavuka mpaka wa Petite Barrière kuja kwenu. Mimi nimekatazwa kwenda, nina mtihani. Nimesoma ukurasa mmoja mara sita na sijui unasema nini.

Wako,
Gatesi


Goma, 28 Februari 1999

Gatesi mama yangu,

Nakusalimia sana. Umesalimika? Ishimwe je? Usikasirike juu ya siku zilizopita bila jibu, na usicheke maandiko yangu. Vidole na magoti vimevimba, hata kufunga kitenge nashindwa. Muganga anasema ni virusi vile vile vya Ishimwe, vinapenda viungo vya wamama. Vitapita.

Callixte alisoma maneno yako kwa sauti kama padri, katikati ya soko. Mi nilisikia haya, nikamufukuza. Kisha nikaenda nyumbani, nikamuambia Umutoni afungue kinywa. Ulimi ulikuwa kama unga wa muhogo.

Hospitali walisema damu imebakia kidogo sana, tutafute ya kumupa. Yangu ilikataa. Nilikaa pale mulangoni usiku muzima, barua yako mbili mukononi, nimezifungua wakati hakuna tena cha kufanya. Asubuhi Cansilde akaingia, viatu na matope. Hakunisalimia. Alimuuliza muganga, "Ni mukono gani?" Akakunja nguo.

Ya kwake ilikubali.

Alikaa siku mbili, hatukusemezana hata kidogo. Alikuambia juu ya damu? Najua hakukuambia. Sasa Umutoni anakula, anagombana na mimi, uboho umeamuka.

Ishimwe abakie kwenu.

Callixte analeta kikapu. Ndani kuna samaki kavu, sambaza za ziwa, na kitenge kimoja, na chini kabisa nimetia konzi ya chumvi. Usimusomee Cansilde barua hii. Mupe kikapu akifungue mwenyewe.

Mama yako