Kwa Masizi, Aliyeuacha Mlango Bila Dude

Umetimia mwaka, binti yangu Masizi, tangu ulipolala mchana ukakataa kuamka, na mimi mama yako hasira hazijanitoka. Kaka yako ameniomba niandike maneno laini, eti matangazo haya ya kumbukumbu gazetini husomwa na watu wenye majonzi. Nimemwambia maneno laini atayaandika yeye siku yangu ikifika. Leo kalamu ninayo mimi.

Kwanza watu wajue ulikuwa nani, maana siku ya mazishi msemaji mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mchora katuni. Nusura nimrushie kiatu. Wewe ulichora picha za vitabu vya ile michezo ya mezani, ambayo watu wazima wenye ndevu zao hukaa kuizunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa na wachawi na wezi wa hazina, na dadu zenye pande nyingi kama kiazi kilichomenywa vibaya ndizo zinazoamua nani amepona. Nilikuuliza, nani hushinda? Ukasema hakuna. Nikauliza, unaisha lini? Ukasema wakichoka. Nikasema basi huo si mchezo, hiyo ni ndoa. Ulicheka mpaka ukamwaga wino kwenye godoro la wageni, na wageni wanalilalia doa lile hadi leo.

Mikono yako ilikuwa myeusi tangu darasa la kwanza, ndiyo jina likakuganda. Ukikosa mtu wa kumchora ulinikamata mimi. Ulinisimamisha juu ya kigoda, shuka begani, fagio mkononi, mguu mmoja mbele, huku sufuria inaungua jikoni. "Mama, usipumue sana." Kumbe ndiyo nikawa yule shujaa wa jalada la kitabu cha mchezo, aliyewapa watu mgongo. Makalio ukanipunguzia bila kuniuliza.

Ulikuwa na huruma, ingawa hukupenda isemwe. Kijana mmoja anayechechemea alikuletea mhusika aliyemtunga mwenyewe, naye anachechemea. Wengine wangemnyoosha mguu. Wewe ulimchora na mguu ule ule, ukampa upanga mzuri kuliko wa wenzake wote. Ulisema watu hawaanzi na sheria za mchezo. Hufungua picha kwanza, wakaweka kidole: mimi ni huyu. Sheria huja baadaye, kama wakwe.

Turudi kwenye jalada. Shujaa, yaani mimi, amesimama mbele ya mlango, taa imeinuliwa, na ndani ya mlango hakuna kitu. Giza tupu. Lile giza ulilipaka wino juu ya wino, ukingoja likauke ulipake tena, mpaka nikasema hata Mungu hakuhangaika na usiku kiasi hicho. Nikakuuliza humo ndani kuna dude gani. Ukajibu bila kuinua kichwa:

"Mama, nikilichora mimi, wataliogopa mara moja tu. Wakiliweka wao wenyewe, wataliogopa kila wakikaa mezani."

Sikukuelewa, nikaenda zangu kuanua nguo. Nilikuja kuelewa ulipokufa. Walikuja kutupa pole watu wa michezo hiyo, wengine hata wewe hukuwajua, na mmoja mmoja wakanishika mkono wakaniambia kwao mle mlangoni kulikuwa na nini. Mmoja aliona mto uliomchukua ndugu yake. Mwingine alimwona baba yake, mzima, amekasirika. Fundi wa mabomba, yule wa meza ya mume wako, jitu zima, alininong'oneza kwamba yeye tangu siku ya kwanza anaona kuku. Kuku mkubwa. Siku ile nzima, hapo ndipo pekee nilipokaribia kucheka.

Sasa sikia walichokufanyia. Kampuni ya vitabu imepata meneja mpya, kijana wa tai na meno mazuri. Alikuja nyumbani na jalada la toleo jipya. Toleo la kukuenzi, alisema. Akalikunjua mezani, nami nikaona mlangoni wamekuwekea dude. Lina pembe, lina safu mbili za meno, linatokwa na udenda. Udenda, Masizi, na unang'aa. Chini yake, jina lako.

Nikamuuliza nani kamwalika huyu. Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa, kwamba wanunuzi wa siku hizi wanataka kuona wanachonunua, na wengine walidhani giza lile ni wino uliomwagika kiwandani. Akasema dude lina jina, na nguvu zake zimeandikwa ndani, ukurasa mzima.

"Linauawa?" nikamuuliza.

"Ndiyo, bibi. Likipigwa vya kutosha."

"La mwanangu lilikuwa haliuawi."

Akatabasamu vile watu wanavyowatabasamia wazee. Picha ni mali ya kampuni, akasema, wana haki ya kuirekebisha, na mitambo inasubiri. Nikamwambia basi jina la mwanangu alitoe, lisikae chini ya udenda. Akasema hilo linawezekana, ila mume wa marehemu naye akubali, na likishatoka halirudi. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote, nikasahau kumwambia ngazi ya chini imeoza. Mwizi wa kawaida huchukua kitu akaenda zake. Hawa wamekuja kuongeza, halafu wanataka tuwashukuru.

Mume wako akakataa. Alisema jina likae, mtoto wenu aende dukani alione jina la mama yake, na hayo mengine ni ya watu wa picha. Tulitupiana maneno jikoni mpaka shangazi yako akafunga dirisha kwa ajili ya majirani. Nikamwita bwege. Hakupandisha sauti.

"Mama, wewe una mtoto mwingine," akasema. "Mimi mke sina, nina jina tu."

Nikashika fagio nikafagia jiko lililokwisha kufagiwa.

Jumamosi wenzake mume wako wa mezani wakaja kama kawaida, maana yeye ndiye msimuliaji wao. Safari hii aliwawekea katikati ya meza jalada jipya alilotuachia meneja. Mimi nilikuwa naosha vyombo polepole, sikio liko kwao. Mlango wako wewe uliwahi kuwaweka jioni nzima: nani atangulie, nani ashike taa, fundi wa mabomba akidai yeye ana mke. Sasa hawakubishana. Walilitazama dude, wakalihesabu meno, wakarusha dadu. Kisha wakauliza chumba kinachofuata kina nini.

Mume wako akaja akasimama karibu na sinki.

"Wamelipiga, limekufa, wamepita," akasema. "Kesho namwambia meneja alitoe jina."

Nilimpa kitambaa akaushe sahani. Hakuna mtu aliyewahi kukausha sahani vibaya vile, nami sikumsema.

Kitabu kimetoka. Wanaosoma tangazo hili wajue: lile jalada lenye dude, lisilo na jina la mchoraji, si lako, wasikutafute humo. Jina hatukunyang'anywa. Tulilitoa wenyewe, na lilituuma kama jino.

Wiki iliyopita tulimpeleka binti yako dukani. Alikishika kitabu kile, akatafuta jina lako mbele na nyuma, akamuuliza baba yake limekwenda wapi. Baba yake akachuchumaa akamwambia, "Hii hakuichora mama." Mtoto akalitazama dude, kisha akakirudisha kitabu kwenye rafu, miguu juu kichwa chini. Hilo sikumfundisha mimi. Mimi nilikuwa nimeshaficha vingine vitatu nyuma ya vitabu vya upishi.

Unakumbukwa na mimi mama yako, mume wako, binti yako, kaka yako na mkewe, shangazi zako wote wawili, pamoja na watu wa meza ya Jumamosi, fundi wa mabomba akiwemo.

Hatukusahau leo, Masizi, wala hatutakusahau milele.