Kuleni Kwanza, Ndipo Mseme

Mama, shikamoo.

Nianze na lile ambalo najua ungeliuliza kabla hata hujaniitikia: yule jogoo wa Festo tumemla. Usininunie huko uliko. Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana nikiruka kitu utasema tangu niolewe Mbeya nimekuwa naongea kama redio yenye betri mbovu.

Niko jikoni kwako, nimekalia kigoda chako kile kinachochechemea. Nimekiwekea kipande cha gunia chini ya mguu, bado kinachechemea. Mume wangu kule Ilomba ameshaanza kulalamika, anasema watoto wamechoka na wali wake ulioungua. Nimemwambia avumilie kidogo, nina barua ya kumwandikia mama yangu. Akasema basi nikusalimie.

Basi, Mama. Unakumbuka mdogo wangu Festo alipopelekwa Kongo na askari wenzake kulinda amani, ndugu wa kule wakiuana wao kwa wao, jinsi kata ilivyoamua familia za askari zisaidiwe. Jambo jema, nani anabisha? Siku ya kwanza alikuja Mzee Rajabu, mtendaji wa kata, yule ambaye babu yake alitoka pwani kuuza chumvi akanogewa na baridi ya Iringa asirudi. Alikuja na mjumbe mmoja, na mchele, mafuta ya kula, sukari na sabuni za mche. Alikuwa amejiandaa na hotuba. Alisimama mlangoni, akakohoa vizuri. Wewe ukamkabidhi kisu.

Kweli tupu, ulimkabidhi kisu. Ukamwambia kuku ni yule pale, na kwa kuwa Mwislamu hapa ni yeye, achinje yeye ili tule wote. Akianza kusema habari ya hotuba, ukamkata: "Kuleni kwanza, ndipo mseme." Mzee wa watu akakunja suruali akaanza kukimbiza kuku uani. Wakala ugali na kuku, wakala na wali wa mchele waliouleta, wakashushia na chai ya sukari waliyoileta. Walipoondoka tulibaki na sabuni, na tulianza kuzitumia kwa kuosha vyombo vyao.

Habari zikaenea, zitaacha kuenea? Safari iliyofuata gari la kata lilikuja limejaa watu kuliko magunia. Diwani alikuwamo, mpiga picha alikuwamo, na bwana mmoja wa afya ambaye mpaka leo sijui alihusika na nini katika vita vya Kongo. Ikazuka shughuli ya firigisi. Diwani akiiangalia, Mzee Rajabu akiiangalia, kila mmoja anajifanya hana haja nayo. Ukaichota, ukampa dereva. Ukasema huyu ndiye atakayewarudisha nyumbani salama, ninyi wengine ni mizigo. Dereva yule, Mama, alikuja msibani kwako akalia kupita ndugu.

Na jogoo wa Festo akizunguka katikati ya wageni kama bwana shamba. Festo alikuwa amekuachia agizo asichinjwe mpaka arudi, nawe ukasema hata askofu akifika atakula mboga ya mnafu. Jogoo akajua ana kinga. Akamdonoa diwani kwenye kisigino, ukamtetea jogoo.

Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimeacha nyumba yangu Mbeya nije kukaa nawe, halafu naona msaada wa familia ya askari unaliwa na waliouleta, na kuku wetu juu. Nikakuambia siku ile unasugua sufuria kwamba unajionyesha tu, kwamba tutakwisha. Hukuinua hata kichwa. Ulinikumbusha baba alivyofia Mgololo kwa homa, nikiwa bado mdogo. Walikuja wanaume wawili wa kazini kwake, ukawatengea ugali wa moto, hawakunawa. Wakakaa wameshika kofia magotini mpaka ugali ukapoa, ndipo mmoja akafungua mdomo.

"Mtu aliyebeba habari ya kifo hali chakula chako, Tuma," uliniambia. "Kwa hiyo mimi natanguliza chakula. Wakinawa, mwanangu yuko hai."

Ukarudi kwenye sufuria yako. Tangu siku ile sikulalamikia kuku tena. Nilikuwa nashika birika la kunawisha wageni, na maji yakigusa tu vidole vya Mzee Rajabu nasikia pumzi yako nyuma yangu inashuka.

Halafu ukaondoka wewe. Jamani, Mama. Sote tulikuwa tumekodolea macho barabara, kifo kikapita kwa mlango wa jikoni. Presha ilipanda, ikapanda, na kule wodini ukapata nguvu ya kuniachia jambo moja tu: Festo asiambiwe. Ulisema mtoto hapewi msiba akiwa ameshika bunduki. Atalia akirudi, machozi hayaozi. Nikakubali. Mzee Rajabu akakubali, majirani wakakubali, hata kwaya ikakubali, na unajua kwaya yetu haijawahi kutunza siri tangu kanisa lijengwe.

Kazi ikawa simu. Festo alikuwa anapata mtandao mara moja moja, na kila akipata anakuulizia. Nikamwambia uko vinyunguni, kwenye bustani za bondeni. Safari nyingine, uko vinyunguni. Mvua zikaanza kunyesha, kila mtu kapanda mlimani, bustani za bondeni zimejaa maji mpaka magotini, mimi bado nasema Mama yuko vinyunguni. Akauliza unalima nini huko kwenye maji, samaki? Nikamwambia mtandao unakatika. Nikazima simu, nikalia, nikacheka, nikalia tena.

Sasa ndio nafika kwenye aibu yangu. Jumatatu moja asubuhi gari la kata likasimama. Akashuka Mzee Rajabu peke yake. Hakuna diwani, hakuna mpiga picha, hakuna mchele wala sabuni. Nikafanya kama wewe: nikatenga ugali na maharage yaliyokuwepo, nikaleta birika, nikasema karibu unawe, Mzee. Akaangalia ugali. Akausukuma taratibu.

"Leo siwezi, mwanangu."

Mama, nilipiga ukunga ambao nadhani na wewe uliusikia. Mama Upendo wa jirani akaja mbio, na unamjua Mama Upendo, msiba ukimkuta bado mdogo yeye anaukuza. Akanipokea kilio, akakipandisha. Kabla sijajua, wanawake wamefika na kanga viunoni, mmoja ana mzigo wa kuni kichwani, vijana wanaulizana turubai liko kwa nani, mzee wa kanisa ameshafunga macho anaomba. Mzee Rajabu amesimama katikati ameduwaa. Akaniinamia, akaniuliza kwa upole nani amefariki. Nikamwambia Festo. Akavua kofia, akakaa chini, akalia na yeye! Alidhani tumepata habari ambazo hazijafika ofisini kwake.

Tulilia hivyo kwa muda mrefu tu, Mama, yeye akinifariji mimi na mimi nikimfariji yeye. Mpaka akatikisa kichwa akasema, masikini, na jana tu ameambiwa kijana anarudi wiki ijayo, ndiyo habari aliyokuwa amewahi kuileta. Nikanyamaza. Mama Upendo naye akanyamaza, na hilo peke yake ni muujiza. Nikamuuliza habari hizo za kifo kazileta nani kama si yeye. Akasema yeye hakuleta kifo chochote. Nikamuuliza basi mbona umekataa ugali?

"Leo Jumatatu," akasema. "Nimefunga sunna."

Aka! Safari zote hizo nimemnawisha mikono, sikujua Jumatatu anafunga, maana hajawahi kuja Jumatatu. Wanawake walinitazama, nikatamani ardhi inimeze. Mwenye kuni akasema yeye harudi na mzigo kichwani kwa ajili ya ujinga wangu. Basi zikawashwa, ukapikwa ugali mkubwa, watu wakala wakicheka huku macho yamevimba. Mzee Rajabu akakaa kivulini akitutazama tunavyotafuna. Nikamfungia sahani yake kwenye kitambaa aende nayo akafuturu.

Na kweli Festo akaja. Alikuja mchana, mwembamba, mweusi zaidi, begi begani. Nilikuwa nimemwita Mzee Rajabu tangu asubuhi achinje yule jogoo, na safari hii niliuliza siku kwanza. Jogoo alikuwa mzee kama uchifu, amechemka asubuhi nzima na bado uma unateleza juu yake. Nikajiambia Festo ale kwanza. Ashibe, apumzike, ndipo niseme. Mzee Rajabu akaona hawezi kuvumilia kumtazama akila bila kujua, akaaga.

Nikamtengea. Firigisi nikaweka juu kabisa. Festo akanawa, akamega tonge, akaangalia mlango wa jikoni, akatabasamu, akauliza kama bado uko vinyunguni. Nikasema kula kwanza. Akapeleka tonge mdomoni, likaishia njiani. Alikuwa ananitazama mikono. Nilikuwa nimeikunja mapajani, mikavu, sijanawa.

"Dada," akasema, "mbona wewe huli?"

Kumbe na yeye ulimwambia kwamba aliyebeba habari ya kifo hali. Siku ile anaondoka, ukimfungia begi, ulimwambia asiwe na wasiwasi juu yako, kwamba wakija watu utatanguliza chakula. Alirudisha tonge kwenye sahani, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Hakuuliza tena, nami sikuwa na Jumatatu ya kujifichia. Tulilia, Mama. Askari wako alilia kichwa chake kikiwa kwenye kanga yangu, na yale machozi uliyosema hayaozi yalikuwepo yote.

Jua likielekea kuzama akainuka, akanawa upya. Akaikata firigisi katikati, nusu akaniwekea mkononi. Akaniambia nile, anataka anione nikila. Nikala. Ilikuwa ngumu kama soli. Festo akasema kule porini wamekula makopo laini kuliko huyu jogoo, na kwamba kama angejua angewapa ruhusa diwani na wenzake wamalizane naye mapema. Tukacheka mpaka Mama Upendo akachungulia kuangalia kama ni kilio au nini.

Kesho narudi Mbeya. Festo atabaki hapa kwa likizo yake, amesema atakitengeneza kigoda, nimemkataza. Sufuria kubwa nimempelekea Mama Upendo, maana kijana wake ameitwa kwenda huko huko alikotoka Festo. Aliipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza ya nini. Mzee Rajabu amesema kata itamtembelea mwisho wa mwezi, nami nimemwambia aende na njaa.

Nakukumbuka, Mama. Nakukumbuka hasa nikisikia maji yanamiminwa kwenye beseni. Pumzika sasa, hakuna tena gari la kuchungulia, mtoto wako yupo uani anachanja kuni bila shati kwenye baridi hii, na wa kumgombeza nimebaki mimi.

Ahadi yangu ni hii: yeyote atakayesimama mlangoni kwangu Ilomba, awe na mzigo au mikono mitupu, kabla hajasema neno nitamtengea chakula na kumshikia birika. Ila ikiwa Jumatatu, nitauliza kwanza.

Mwanao,
Tumaini