Fito Zile Hazikuharibiwa na Mkono Wako

Mpendwa Baba,

Fito zile niliziharibu mimi. Sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio. Ninakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyoisikia kwako ukipatana bei na wateja kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu Mama anakiongea lakini hakisomi.

Unakumbuka ule mti mwepesi wa ziwani ambao muuza samaki alikuletea kutoka Hamukungu? Kitabu chako cha kuunda ndege za mfano kilitaka balsa, mbao nyepesi ya kigeni. Wewe ulicheka ukasema, "Balsa iko kwao. Sisi Mungu alitupatia hii." Wiki nzima ulikuwa seremala wa milango na vitanda hapa Bwera. Jumamosi alasiri ulikuwa mtu wa ndege, na mimi peke yangu niliruhusiwa kukaa karibu na meza ya kazi, labda kwa sababu sikuwa na maneno mengi.

Kile kifaa cha kukatia fito za ndege hizo ulikitengeneza mwenyewe: kipande cha mbao ngumu, wembe umebanwa pembeni, na kibao kidogo kinachoteleza kwenye ukingo wa ubao unaokatwa. Nafasi kati ya wembe na kibao ndiyo unene wa ufito. Hukuipima kwa rula. Uliweka njiti ya kiberiti ndani ya nafasi hiyo upande wa mbele, nyingine nyuma, ukakaza skrubu ya mbele, ukakaza ya nyuma, kisha ukarudi kuangalia njiti ya mbele. "Mutoto wangu," uliniambia, "skrubu ya nyuma ni mwizi. Ukiikaza, inavuta ile ya mbele. Usiiamini."

Siku ile ulikwenda Kasese kununua bawaba. Nilitaka fito pana za fremu ya picha yetu ya darasa la mwisho. Nililegeza skrubu, nikakata zangu nne, nikazificha chini ya godoro. Kisha nikarudisha njiti zako, nikakaza mbele, nikakaza nyuma, nikasikia nje pikipiki iliyokurudisha. Sikuangalia tena mbele.

Ulikuwa na furaha. Ulikata ubao wote uliobaki bila kusimama, maana hakuna aliyewahi kukigusa kifaa chako. Ulipozipanga mezani tuliona: zinaanza nyembamba, zinaishia nene, na nyingine wembe ulizichana katikati. Mama alisimama mlangoni.

"Baba Masika, leo unakata mihogo?"

"Basi weka sufuria," ulimjibu, na Mama akacheka hadi akashika mlango.

Alipoondoka, ulinyoosha mkono wa kulia mbele ya dirisha ukautazama kwa muda mrefu. Mkono haukutetemeka. Lakini ulisema polepole, "Umeanza kuzeeka, wewe." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, Baba, na mimi nikachukua ufagio nikafagia vumbi la mbao. Ulikitundika kifaa ukutani. Hukukata tena ufito hata mmoja.

Miezi miwili baadaye ulianguka karibu na meza ile ile. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Siku ya nne tulikuzika.

Tangu hapo Mama ana hadithi moja. Kila anayekuja kutupa pole anaisikia. "Dalili niliiona," anasema. "Mkono wake ulishindwa kukata fito, na mimi nikamcheka eti anakata mihogo. Ningempeleka hospitali siku ile, angekuwa hapa." Wanamwambia ni mapenzi ya Mungu. Anaitikia kwa kichwa, halafu anaanza tena. Hacheki siku hizi. Hata muuza samaki alipomtania, alimtazama tu.

Juzi nilikishusha kifaa. Niliweka njiti nyuma: ikabana. Niliweka mbele: ikaanguka sakafuni. Kibao kimekaa vile vile nilivyokiacha. Nilirekebisha, safari hii nikarudi mbele mara tatu, nikakata kipande cha mti wa ziwani kilichosahaulika juu ya kabati. Ufito ukatoka sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu sasa nina hakika. Siku ile mkono wako ulikuwa mzima, na kicheko cha Mama hakikuwa na kosa lolote.

Naogopa uso wake nitakapomwambia. Ameteseka karibu mwaka mzima mbele yangu, na mimi nilikuwa na dawa yake mfukoni. Pengine atanichukia. Lakini heri anichukie mimi kuliko kujichukia mwenyewe.

Yuko Kyarumba, anamsaidia Bibi kuvuna kahawa. Atarudi Jumamosi. Nisamehe, Baba. Na wewe mwingine yeyote uliyeikuta barua hii ukaisoma, kama unamfahamu Mama na ukakutana naye njiani na mzigo wake kichwani, nakusihi msalimie tu umwache apite. Nitunzie siri hii hadi Jumamosi. Anapaswa kuisikia kutoka mdomoni mwangu.

Binti yako wa kwanza,
Masika